Nyumba Aliyoionja Nyegere

Hodi, wenye masikio!
– Karibu, mwenye mdomo!
Nimekuja na jambo!
– Lilete tulione!
Lina manyoya!
– Lishike lisikimbie!
Halina mkia!
– Basi tulishike wapi?
Mtalishika kwa masikio yenu. Kaeni vizuri, na wewe uliyekaa mlangoni sogea, unaziba mwanga.

Hapo kale, na kale yenyewe si ya mbali sana maana madebe yalikuwapo na nyavu za waya zilikuwapo, alikuwako simbilisi mmoja jina lake Sekela. Simbilisi mnamjua. Ni yule mnyama mdogo wa kufugwa jikoni, mviringo kama kiazi, asiye na mkia, anayepiga mluzi wiii! wiii! kila akisikia majani yanakatwa. Kucha za kupigana hana. Mbio za maana hana. Kupanda hajui, kuchimba hajui. Ana meno ya kutafuna, ana mdomo wa kuongea, na huyu Sekela, juu ya hayo, alikuwa na akili.

Sekela, mumewe, mama yake na mdogo wake Lugano walikuwa wakiishi jikoni kwa Bibi Ambwene, huko milimani kwenye baridi. Jiko lile lilikuwa makao kweli. Sakafu ngumu, pana, kavu. Moto upande mmoja, magunia upande wa pili, na nyuma ya magunia ndipo simbilisi walipojificha mgeni akiingia. Tena lilikuwa na milango miwili, mmoja wa kutokea uani na mmoja wa kutokea shambani. Paka akiingia kwa mlango huu, simbilisi wametoka kwa mlango ule. Fyuu!

Basi mvua za mwaka ule zilinyesha kwa hasira. Ukuta wa jiko ukalowa, ukalegea, ukalala chini. Bibi Ambwene akachukuliwa na binti yake akakae naye mjini. Akabeba sufuria, akabeba kinu, akabeba na kuku. Simbilisi akawasahau. Simsemi vibaya, alikuwa mzee, lakini aliwasahau.

Maskini Sekela alikuwa na mimba. Na siku ya kwanza tu waliposhinda uwanjani, kipanga alishuka, akamnyakua mumewe. Sekela alilia mpaka mluzi ukamkauka. Kisha akajifuta macho, akasema, "Watoto wangu hawatazaliwa uwanjani. Natafuta nyumba."

Mama yake akamwambia, "Tafuta, mwanangu. Lakini chumba cha mlango mmoja usiingie, hata wakikutandikia maua."

Sasa, kilima chote kile kilikuwa cha Nyegere. Nani alimpa? Hakuna aliyempa. Alisema ni chake, na kwa kuwa alikuwa na kucha kama majembe na meno ya kuvunja mifupa, hakuna aliyembishia. Ukitaka shimo, umwombe Nyegere. Ukitaka kivuli, umwombe Nyegere. Hata Kanga, shangazi wa kilima kizima, aliyelala juu ya mti na kujua habari za kila mtu, aliomba ruhusa ya ule mti. Lakini mdomo wake hakuuombea ruhusa. Huo aliutumia atakavyo, kwe-che! kwe-che! kutwa nzima.

Sekela akaenda mpaka kwa Nyegere, mama yake nyuma, Lugano nyuma ya mama.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, wanangu. Mnatafuta nini?"

"Nyumba, mjomba. Ya kwetu imeanguka."

Nyegere akawatazama. Akawatazama mbavu, akawatazama mapaja. Walikuwa wamekonda kwa mvua na huzuni. Akawaza, nikiwala leo nitatafuna manyoya na mifupa. Nikiwapa nyumba, watatulia. Wakitulia, watanenepa. Wakinenepa, mimi ndiye mwenye nyumba. Akameza mate. Gudu!

Sekela alilisikia lile gudu.

"Msijali," Nyegere akasema, sauti imelainika kama siagi. "Mimi ni mtu wa huruma. Nyumba nitawapa bure. Njooni."

Akawapeleka kwenye mwamba, juani, mahali pasipo na jani wala kivuli. Juu ya mwamba lilikuwako debe tupu la mafuta ya kupikia, limelala ubavu.

"Hii hapa. Nyumba ya bati! Mvua haipiti. Mtajipanga humo, mmoja baada ya mwingine, mtapendeza."

Sekela akaliangalia debe. Jembamba. La moto. Mlango mmoja. Akajua humo ndani wataiva wenyewe kabla hata Nyegere hajawasha kuni. Angesema hapana, lakini mwenye kucha haambiwi hapana hivihivi. Basi akainama kwa adabu.

"Asante sana, mjomba. Onja kwanza."

"Nionje nini?"

"Nyumba, mjomba."

Sasa nisikilizeni, hapa ndipo penyewe. Kwetu, na nyinyi mmeona, ukimpa mgeni togwa au pombe, unakunywa wewe kwanza. Unaonja mbele ya macho yake ajue hakuna sumu. Usipoonja, mgeni atashukuru, atasema ameshiba, ataondoka. Na kesho yake kijiji kizima kinajua kwamba kwako watu wanalishwa sumu. Hata shemeji zako watapita kwa mbali. Hilo Nyegere alilijua. Alikuwa mlafi, alikuwa dhalimu, lakini kusemwa alikuwa hakutaki.

"Nyumba haionjwi," akasema.

"Inaonjwa, mjomba. Kama togwa. Anayeitoa anaingia kwanza, anageuka, analala, anasema nimeridhika. Ndivyo tulivyolelewa kwa Bibi Ambwene."

Uongo mtupu! Alitunga palepale, mguu mmoja juu. Lakini kwenye mti wake, hatua chache kutoka mwambani, Shangazi Kanga alikuwa anasikiliza, na Kanga hapendi kuonekana kuna jambo hajui.

"Kwe-che! Ni kweli!" akapiga kelele. "Desturi ya zamani sana hiyo! Kwani wewe Nyegere hukulelewa?"

Nyegere akakohoa. "Nimelelewa! Nani kasema sikulelewa?" Akainama, akachomeka kichwa ndani ya debe. Kichwa kikaingia. Mabega yakagoma. Akasukuma. Bati lilikuwa limechomwa na jua tangu asubuhi.

"Vipi ndani, mjomba?"

"Pazu-u-u-uri!" sauti ikatoka debeni. Tsss! Pua imegusa bati. "Yalaaa!"

Akataka kutoka, kichwa kikakataa. Akarudi nyuma na debe lake, kwang! akagonga mwamba. Akaenda mbele, kwang! akagonga mti wa Kanga. Kwang, kwang, kwang! akazunguka kilima kama mtu anayetangaza mkutano, mpaka debe likachomoka, likavingirika bondeni. Pua imevimba, masikio yamekunjika.

Lugano alitaka kucheka. Mama yake akamkanyaga mguu.

Sekela akatikisa kichwa kwa huzuni. "Asante, mjomba. Nyumba tumeiona. Lakini hapa tutakonda."

"Mtakonda?"

"Jua hutukondesha, mjomba. Simbilisi akipata joto hali. Asipokula, anabaki manyoya."

Nyegere akashtuka. Manyoya! "Hapana, hapana, msikonde! Nitawatafutia nyingine."

Akawapeleka kwenye mti mrefu ukingoni mwa kilima, panapopita upepo. Kwenye tawi alikuwa ametundika tundu la waya, la zamani, lililowahi kufugiwa kuku. Kuta za waya, dari ya waya, sakafu ya waya. Upepo ukivuma, tundu linacheza, ning'i ning'i, ning'i ning'i.

"Ghorofani!" Nyegere akasema. "Upepo wa bure. Chui hafiki. Kipanga atachungulia tu."

Sekela akaangalia juu. Wao hata kizingiti hawakiruki. Na sakafu ya waya! Nyayo za simbilisi ni laini kama midomo ya mtoto. Hapa niseme langu, na anayechukia achukie. Mimi nimewaona watu wenye akili zao, wamesoma, wanafuga simbilisi juu ya waya kwa sababu kinyesi kinadondoka na wao hawapendi kufagia. Miguu ya mnyama inachanika, inavimba, wao wanasema huyu mnyama mvivu hatembei. Wangelazwa wao juu ya waya tuone watakavyotembea! Haya, nimeshasema. Turudi.

"Asante sana, mjomba. Onja kwanza."

Nyegere akatazama juu mtini. Kanga amewafuata, yuko pale, shingo ameinyoosha, jicho halipepesi. Basi Nyegere akapanda. Krah, krah, krah. Akaingia tundu. Tundu likalia. Akakanyaga waya, kucha zikapita kwenye nafasi zake, zikanasa. Akavuta mguu wa mbele, ukanasa wa nyuma. Akavuta wa nyuma, ukanasa wa mbele. Upepo ukaja.

"Vipi ghorofani, mjomba?"

"Pazuri, pana hewa!"

Ning'i ning'i. "Pana hewa sana!" Ning'i ning'i ning'i. "Hewa imezidi!"

Tawi likasema kwaju! Tundu likashuka na mwenyewe ndani, puu! mpaka kwenye tope. Waya ukapasuka, Nyegere akatoka amechanika nyayo, anatembea kwa kuchechemea kama anayekanyaga makaa.

"Pole, mjomba," Sekela akasema. "Umeona mwenyewe. Hapa tutakonda."

"Mtakonda tena?"

"Waya hutuumiza nyayo. Simbilisi anayeumwa nyayo haendi kwenye majani. Upepo nao hutukohoza. Tutakohoa, tutakonda, tutabaki manyoya."

"Hapana, hapana, msikonde!" Nyegere akakaribia kulia. Njaa ilikuwa imeshaanza kumsokota. "Sasa nyinyi simbilisi mnanenepaje? Niambie! Nijenge mwenyewe, kwa mikono yangu!"

Hapo Sekela akatulia. Alikuwa amelisubiri neno hilo tangu kwenye debe.

"Mjomba, sisi hatutaki juu, tunataka pana. Nyumba ndefu ya kwenda juu haitufai, sisi tunakimbia chini. Ukijenga pana, nitaita na ndugu zangu wa kwa mama. Sisi simbilisi hatukai peke yetu. Mpweke anakonda."

"Ndugu wa kwa mama," Nyegere akarudia polepole. "Wakoje?"

"Wanene, mjomba."

Gudu! "Pana! Itakuwa pana!"

"Sakafu iwe ya mawe, juu yake udongo uliopigwa, juu yake majani makavu mengi. Unyevu hutukondesha."

"Mawe, udongo, majani!"

"Dari iwe nzito na kivuli kiwepo. Jua hutukondesha."

"Dari, kivuli!"

"Na milango iwe miwili, mjomba."

Nyegere akaacha kuitikia. "Miwili ya nini?"

"Mlango mmoja hutukondesha."

"Aa, mlango mmoja unatosha. Mlango wa pili huleta baridi." Akacheka, akajikuna tumbo. "Hapo niachie mimi."

Nyegere akafanya kazi! Sijawahi kusikia nyegere aliyefanya kazi namna ile. Akachimba, chaka! chaka! Akabeba mawe, hmmm! puu! Hmmm! puu! Akapiga udongo kwa mgongo wake mwenyewe, akijibiringisha huku na huku. Akaezeka kwa magogo na matope. Akakata majani makavu, akayatandaza mpaka yakafika magotini. Na simbilisi watatu walikaa kivulini wakila majani mabichi, wakipiga mluzi kila akipita. Wiii! Pana zaidi, mjomba! Wiii! Hapo pana unyevu, mjomba!

Lakini msimwone mjinga kabisa. Alikuwa na yake. Mgongo wa nyumba aliuelekeza kwenye kichaka cha upupu, ule upupu wa maganda yenye vinyweleo, unaokuwasha mpaka unamsahau mama yako. Alifanya hivyo ili simbilisi yeyote akifikiria kutokea nyuma, asifikirie mara mbili. Na mbele, juu ya mlango mmoja, mpana wa kumpitisha Nyegere mwenyewe, alitundika jiwe bapa zito. Jiwe lilishikwa na kamba ya mgomba, na kamba ilipita pembeni ikafungwa kwenye kisiki. Simbilisi wakishaingia na ndugu zao wanene wa kwa mama, yeye atafungua kamba. Jiwe litaanguka. Kisha atakuwa anainua gogo moja la dari kila akisikia njaa, anatia mkono. Jiko lenye nyama hai!

Kulipokucha siku ya kuhamia, Sekela akaja. Akaitazama nyumba. Nyumba ilikuwa nzuri kweli. Pana, kavu, ya kivuli, inanukia majani. Tumbo lake lilikuwa zito sasa, watoto walikuwa wanapiga teke. Alitamani aingie alale tu. Ndipo akainua macho, akaliona jiwe. Akaifuata kamba kwa macho mpaka kwenye kisiki.

"Mjomba, hii kamba ya nini?"

"Hiyo? Ya kuanikia nguo."

"Sisi hatuvai nguo."

"Mtavaa. Ingieni, ingieni, kuna baridi."

Sekela akamnong'oneza mama yake. Mama akamnong'oneza Lugano. Kisha Sekela akasimama mbele ya mlango, akainama chini kuliko siku zote.

"Asante sana, mjomba. Onja kwanza."

"Leo nimechoka. Nyumba nimejenga mwenyewe, niionje ya nini? Ingieni tu."

Sekela akapaza sauti. "Shangazi Kanga! Mjomba hataki kuonja!"

"Kwe-che!" Kanga akateremka tawi la chini la mti wa jirani ili asikie vizuri. "Hataki? Debe la moto aliliingia! Tundu la waya aliliingia! Hii nzuri ndiyo haitaki? Humo mna nini, Nyegere? Hebu nikamwulize Kobe kama amesikia!"

"Usimwulize mtu!" Nyegere akafoka. "Naonja!"

Akaingiza kichwa. "Nimeridhika."

"Mabega yako nje, mjomba. Togwa haionjwi kwa kunusa."

Akaingiza mabega. "Nimeridhika."

"Kiuno kiko nje, mjomba."

Akaingia mzima. Sekela akachungulia. "Nenda mpaka pembeni kabisa, mjomba, ndiko nitakakozalia. Geuka. Lala."

Nyegere akalala. Jamani, palikuwa pazuri! Alikuwa amebeba mawe siku nyingi, mgongo unamwuma, na majani yale yalikuwa laini. Akanyoosha miguu. Akafumba macho, akawaona ndugu wa kwa mama wanapita mbele yake, mmoja mnene, mwingine mnene zaidi.

"Aaah," akasema. "Hapa mtanenepa!"

Huko nje, kwenye kisiki, mama na Lugano walikuwa wameinamia kamba ya mgomba. Kru-kru-kru-kru.

"Nini hicho kinachokwaruza?"

"Ni watu wangu, mjomba, wanatafuna kidogo."

Kru-kru-kru-kru. "Wamepata njaa?"

"Sana, mjomba."

"Vizuri! Waache wale! Wale wanenepe!"

Kru-kru-kru. Twaa! Kamba ikakatika. Jiwe likaja.

PUUUU!

Vumbi likatulia. Jiwe lilikuwa limeegemea mlangoni, limeuziba wote isipokuwa upenyo mdogo chini kwenye kona, kiasi cha kupita simbilisi na si zaidi. Kwenye upenyo ikatokea pua ya Nyegere, ile yenye alama ya debe.

"Nifungulieni!"

Sekela akaketi mbele ya pua, kwa mbali kidogo. Hakuwa na haraka hata chembe.

"Pole, mjomba. Toka kwa mlango wa pili."

"Hakuna mlango wa pili!"

"Hakuna? Nyumba pana hivi, mlango mmoja tu? Kwa nini, mjomba?"

"Kwa sababu... kwa sababu ya baridi!"

"Na jiwe?"

"La... la mapambo!"

"Basi kaa humo na mapambo yako, mjomba. Sisi tunakwenda kula."

"Usiende!" Nyegere akanguruma, hasira zikampanda, akili zikamshuka. "Jiwe niliwawekea nyinyi! Nyinyi ndio mlitakiwa mfungiwe humu! Niwale mmoja mmoja! Nyinyi, na ndugu zenu wanene wa kwa mama!"

Kanga akanyoosha shingo.

Kisha Kanga akavuta pumzi. Mnajua kanga akivuta pumzi ni nini kinafuata.

"KWE-CHE! KWE-CHE! Watu wa kilimaaa! Nyegere anawapa watu nyumba ili awale! Kasema mwenyewe! Nimesikia kwa masikio yangu yote mawili! Kwe-cheee!"

Neno likaitikiwa bondeni, likaitikiwa ng'ambo. Wanyama wakatoka mashimoni, wakasimama wakitazama nyumba inayonguruma. Humo ndani Nyegere alisikia kila kitu, aibu ikamchoma kuliko debe. Akachimba chini, kucha zikagonga mawe aliyoyapanga mwenyewe. Akasukuma dari, magogo hayakutikisika, alikuwa ameyabeba mazito, ya kuinuliwa kutoka nje tu, ili simbilisi wasiyanyanyue. Akajirusha kwenye jiwe, jiwe halikujali. Ukabaki ukuta wa nyuma, mwembamba maana aliutegemea upupu. Akarudi hatua, akainamisha kichwa, akaja mbio.

BWAAA!

Ukuta ukatoboka, Nyegere akatoka nje kama risasi, moja kwa moja katikati ya upupu.

Ngozi ya nyegere ni ngumu, hilo kila mtu analijua. Nyuki humwuma wakachoka. Lakini pua haina ngozi ngumu. Kwapa halina ngozi ngumu. Na mahali pengine sitapataja, kuna watoto hapa. Maganda yakapasuka, vinyweleo vikamwagika. Nyegere akajikuna kushoto, ikawasha kulia. Akajikuna kulia, ikawasha katikati. Kwaru-kwaru-kwaru! Akaketi akajiburuza. Akasimama akajisugua kwenye mti. Mwisho akashika njia ya mtoni, anaruka, analia, anajikuna, na wanyama wote wamejipanga huku na huku wakimuaga.

"Kwaheri, mwenye nyumba!"

"Mjomba!" Sekela akamwita. "Hujasema umeridhika!"

Na Lugano sasa akacheka mpaka akalala chali, na mama yake hakumkanyaga mguu.

Nyumba ikawa ya simbilisi. Mlango wa mbele ulikuwa tayari, ule upenyo wa kwenye kona. Tobo la nyuma lilikuwa kubwa mno, basi wakabeba vijiwe na matope, Kanga naye akapiga kelele za kuwahimiza, wakaliziba mpaka likabaki la kimo chao. Nje ya tobo upupu ulining'inia juu juu, simbilisi wakipita chini yake bila kuguswa. Mkubwa yeyote akitaka kupita, karibu.

Ndani ya wiki ileile Sekela akajifungua. Watoto wa simbilisi hawazaliwi vipofu kama wa paka, wanazaliwa na manyoya yao na macho wazi. Wakakauka, wakasimama, wakakimbia. Wakatoka mlango huu, wakaingia mlango ule. Fyuu! fyuu! Sekela akalala pale pale pembeni, kwenye majani ya kufika magotini, akawatazama wanawe wanavyozunguka, akafurahi mpaka akapiga mluzi peke yake mchana kutwa. Na ndugu wa kwa mama wakaja kweli, na walikuwa wanene kweli.

Nyegere alirudi mara moja tu. Njaa haina aibu ya kudumu. Akaja kwa mbele akatia pua kwenye upenyo. Fyuu! Simbilisi wote wako nyuma, chini ya upupu, wanakula majani. Akazunguka mbio kwenda nyuma, wao fyuu! wamerudi ndani, akafika kwenye upupu, akasimama. Akautazama. Upupu nao ukamtazama. Akaanza kuwashwa kabla hajaugusa. Kutoka ndani akasikia sauti ya adabu kabisa.

"Karibu, mjomba. Safari hii tumeonja sisi. Tumeridhika!"

Nyegere akageuka, akaenda zake, na kilima kile hakukiita tena chake.

Haya, mnataka funzo? Funzo lipo. Hadithi hii inatufundisha kuwaheshimu wenye nguvu, maana bila Nyegere nani angejenga? Inatufundisha pia kwamba mkipewa nyumba ya bure muingie haraka, msiulize kamba ni ya nini. Kuuliza maswali ni utovu wa adabu. Na wewe uliyeniuliza juzi simbilisi wako umjengee banda la namna gani, usijisumbue na mbao wala misumari. Tafuta nyegere mwenye njaa, mwambie unakonda.

Nimesema nimemaliza!
– Tumesikia tumeshiba!
Aliyesinzia?
– Atasimuliwa na jirani!
Na jirani akikosea?
– Tutamwitia Kanga!